Ekseli ya Kikopey na Mbegu za Molo

Vijana wa gereji waliniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi. Nashuku waliomba maandishi kwa kuogopa kwamba nikisimama kuhutubia siku ya kuniaga, nyama ingepoa. Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, maana vingi nilipewa na watu wasioweza kutofautisha beringi na bangili. Mishahara nayo tuiache ilipo. Nitaeleza juu ya ekseli moja ya nyuma ya lori kuukuu, kwa sababu mtu akiielewa ekseli ile vizuri atakuwa ameielewa kazi yetu, na asipoielewa, hata nikimwandikia kitabu kizima ni bure.

Ninyi siku hizi difu ikilia mnapiga simu Nairobi, mnaletewa nyingine ndani ya sanduku, mnaifunga, mnanawa mikono na kujiita mafundi. Anayetoa kitu kibovu na kuweka kipya bila kujua cha kwanza kilikufa kwa nini si fundi. Ni mpagazi aliyepewa spana. Na kwa wale wasio wa kazi hii watakaosoma haya, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni, na krauni ndiyo huyazungusha magurudumu ya lori. Hakuna siri zaidi ya hiyo, na bado nimewaona wanaume wazima wakilia mbele yake.

Nilizaliwa Subukia, baba yangu akikamua ng'ombe wa mzungu. Wenzangu waliokwenda kusoma Uingereza walisindikizwa na mabasi ya jamaa wakiimba. Mimi nilisindikizwa na mbwa wa jirani, naye akarudia darajani. Nilivuka Uganda, nikaipita Sudan kwa miguu, kwa malori na kwa boti ya mto, nikafika Kairo nikiwa na viatu vya mtu mwingine, na kutoka hapo nikapata nafasi ya masomo Chekoslovakia. Nilijifunza lugha yao na theluji yao, nikafanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni, nikapata diploma ya ufundi wa mashine. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema haya si kwa kujisifu. Ni kwa sababu ni kweli na hakuna mwingine wa kuyasema.

Niliporudi, uhuru ukiwa bado mbichi, niliipeleka diploma yangu kwenye ofisi moja ya Nairobi. Karani aliishika kama mtu aliyeokota soksi.

"Hii ni lugha gani?"

"Kicheki."

"Basi wacha tucheke," akasema, na chumba kizima kikacheka. Akaniambia diploma za kikomunisti hazina kipimo hapa, nirudi baada ya kamati kukaa. Kwa ninavyojua kamati hiyo bado imekaa.

Nikapanda treni kurudi Nakuru, nikavaa shati jeupe na tai, nikaenda kwenye gereji ya Sardar Gurdial Singh, karibu na reli. Alikuwa mzee wa kilemba cha buluu, ndevu zake zimefungwa kwa wavu ili zisinaswe na mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha kujitengenezea mwenyewe, kama spana zake nyingi, na kama spana hizo kilifungua kila kitu.

"Hii karatasi nasema nini?" akauliza.

"Inasema mimi ni fundi wa mashine."

"Mimi hapana uliza wewe. Uliza karatasi. Hii karatasi naweza ingia chini ya lori?"

"Mwenye karatasi anaweza, Sardar."

"Basi karatasi peleka kwa mama. Wewe ingia."

Nikaingia na shati langu. Juu yangu kulikuwa na giabox, na mtu alikuwa ameshalegeza boliti ya kumwagia oili. Nilitoka nikiwa na tai nyeusi. Mtu aliyelegeza boliti ile aliitwa Barasa, naye ndiye aliyekuwa nyapara wa gereji.

Huyu Barasa nitamweleza kwa haki. Alikuwa mkubwa kama kabati, na ufundi aliupata jeshini wakati wa vita, akiendesha na kuyafufua malori katika misitu ya Burma. Aliamini kwamba chuma chochote kisichokubali kwa nyundo ndogo kitakubali kwa nyundo kubwa. Kwa malori ya vita huenda ilikuwa kweli. Mimi aliniita "Diploma" tangu siku ile. "Diploma, leta jeki." "Diploma, chai yako imepoa, au unaipima kwanza?" Nilikuwa nimekuja kutoka ng'ambo na geji ya mshale, kipimo cha duara chenye uwezo wa kuonyesha mchezo, yaani ulegevu kati ya vyuma, mdogo kuliko unene wa unywele. Yeye aliiita saa isiyojua saa. Kila asubuhi aliniuliza: "Diploma, saa yako inasema saa ngapi?" na mafundi wote walicheka kila asubuhi, kana kwamba wamesikia kwa mara ya kwanza. Watu wasiobadilisha mzaha hawabadilishi oili pia.

Sardar peke yake hakucheka. Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo shule haikunipa, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: "Nani nafunga, yeye napanda." Maana yake, lori likifunguliwa ekseli, breki au usukani, fundi aliyelifunga alipanda juu ya shehena katika safari yake ya kwanza. Likiharibika porini, naye alilala porini pamoja na mwenye mali, akimtazama usoni. Sardar mwenyewe katika ujana wake alipanda juu ya marobota ya pamba mpaka Kisumu, kilemba kikiwa chekundu kwa vumbi. Leo mna vyeti vya ubora vyenye fremu, vimetundikwa ofisini. Sijawahi kuona cheti kilicholala njiani.

Sasa tuje kwenye lori. Lilikuwa la tani saba, la Kiingereza, limechoka, mali ya familia zilizoungana kununua shamba la mzungu juu ya Molo. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke, Mama Nyokabi, mfupi, mwenye koti la mwanamume na ulimi wa kukata bati. Lilitoka upande wa Kinangop na mbegu za viazi, na lilipopita mji wa Nakuru, mlima ukiwa ndio kwanza unaanza, meno ya krauni yakapukutika yote. Trekta likalivuta mpaka kwetu. Magunia yakashushwa na kupangwa chini ya paa la gereji.

Kwa hiyo kila aliyeingia kazini aliyapita. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Mashamba ya Molo yalikuwa yamelimwa, mifereji imechorwa. Mbegu zilikuwa zinachipua ndani ya magunia, na chipukizi likishakuwa refu hukatika, na kiazi kisicho na chipukizi ni chakula cha nguruwe. Msimu wa kwanza shambani ulikuwa umewaharibikia, na baadhi ya familia zilikuwa zimefungasha na kuondoka. Msimu huu usipopandwa, wengine wangezifuata, na shamba lingebaki na nyasi na Mama Nyokabi. Malori mengine yote yalikuwa yamekodishwa kwa kupanda. Treni ingeshusha mbegu Molo mjini, na kutoka pale mpaka shambani ni mlima wa matope ambao mkokoteni hauwezi. Mama Nyokabi alikaa kwenye magunia kutwa nzima, akichagua viazi vilivyooza na kuvitupa. Kila kiazi kikianguka tulikisikia.

Krauni mpya ya lori lile ilikuwa ng'ambo, na meli haina haraka ya viazi. Ikabidi tutafute ekseli nzima kwa wauza vyuma chakavu. Sardar alikuwa ameenda harusini Kisumu, kwa hiyo Barasa ndiye aliyetafuta, na akapata. Ilitoka kwenye lori la aina nyingine lililopinduka Kikopey, siku zile kabla pale hapajajaa moshi wa nyama choma. Iliteremshwa uani kwa shangwe.

"Mwenye nayo anasema ilikuwa inatembea kimya kama paka," Barasa akatangaza.

Niliizunguka mara moja tu. Mara moja ilitosha.

"Fundi Barasa, ekseli hii ilikaa juu ya springi zake. Viti vya springi viko upande wa chini. Kwenye lori letu springi zinakaa juu ya ekseli, kwa hiyo tunataka viti viwe upande wa juu."

"Nimeona. Sina diploma lakini nina macho. Tunaipindua, viti vinakuja juu. Kwisha."

"Ukiipindua, krauni itahamia upande wa pili wa pinioni. Magurudumu yatazunguka kinyume. Lori litarudi nyuma."

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko.

"Sikieni Diploma! Lori linarudi nyuma ukitia gia ya nyuma. Huko Urusi hamkufundishwa gia?"

"Chekoslovakia."

"Ni kulekule kwa baridi."

Nikachukua kifuniko cha sufuria ya mama wa chai na kijiti. Nikakisimamisha kifuniko, nikakisugua upande wa kushoto kwa kijiti nilichokuwa nakizungusha, kifuniko kikaenda mbele. Nikakisugua upande wa kulia, kijiti kikizunguka vilevile, kifuniko kikarudi nyuma. Mtoto wa chekechea angeelewa. Wao walinitazama kama mtu anayefanya mazingaombwe sokoni, kisha mama wa chai akadai kifuniko chake, na Barasa akaagiza jeki.

Waliifunga kwa bidii, hilo siwanyimi. Yubolti za kubana springi zilikaa, breki zikaunganishwa, propela shafti, ule mti unaoleta nguvu kutoka giabox, ikakatwa kidogo ikaenea. Walipoona tundu la kujazia oili limekuja mahali pa ajabu, walijaza kwa mpira wa bomba na kuendelea na kazi. Tundu lile lilikuwa linawapigia kelele kwamba ekseli imesimama kwa kichwa, lakini nani alisikiliza?

Siku ya kujaribu, watu walijaa. Dereva wa lori, Kimani, jirani yangu wa Free Area, akawasha injini, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kwa upole wote. Lori likarudi nyuma. Lilirudi taratibu, kwa heshima, kama mzee anayetoka kanisani. Likabomoa jiko la chai, likaendelea, likaugonga mlango wa choo.

"Kuna mtu!" ikasikika sauti ya mtunza stoo kutoka ndani.

Nawaambia, kwa miaka yote niliyofanya kazi sijapata furaha safi kuliko hiyo.

"Umetia reverse wewe!" Barasa akamfokea Kimani.

"Boss, reverse ndiyo hii hapa," Kimani akasema, akaitia. Lori likaenda mbele, zuri kabisa, mpaka langoni.

Mwingine angejificha. Barasa alikunja mikono. "Si mmeona? Mbele linaenda. Dereva atie reverse mpaka Molo."

Mama Nyokabi alishuka kutoka kwenye magunia. "Bwana Barasa, nisikilize. Kwenda Molo nitatumia gia moja, nifike viazi vikiwa vimezaa wajukuu. Kurudi Nakuru nina gia nne. Sasa hili ni lori la kupeleka mbegu au la kunirudisha kwetu nikiwa maskini?"

Sardar aliwasili katikati ya hayo, bado na nguo za harusi. Hakupiga kelele. Alitazama jiko lililobomoka, mlango wa choo, kisha ekseli.

"Nani nasema hii nitarudi nyuma?"

Mafundi wote wakaanza kuchunguza kucha zao.

"Diploma alisema," mama wa chai akajibu. "Tena kwa kifuniko changu."

Sardar akanigeukia. "Wewe fanya."

Nilianza kwa kuifungua difu yenyewe, jambo ambalo mtu mwenye akili hufanya kabla ya kufunga kitu cha kununua. Ndani nilikuta vumbi la mbao limekorogwa na grisi nzito. Ndiyo siri ya ule ukimya wa paka. Ni hila ya zamani ya wauza vyuma: difu inayolia hulishwa vumbi la mbao, ikanyamaza wiki chache, kisha ikafa mikononi mwa mnunuzi. Nililichota kwa kijiko nikalipanga juu ya karatasi mbele ya Barasa. Krauni na pinioni zilikuwa nzima, lakini beringi za pinioni zilikuwa zimechimbika kama barabara ya Elburgon.

Maduka ya Nakuru hayakuwa na beringi zile. Hapo ndipo elimu inapotofautiana na mazoea. Fundi wa mazoea huomba beringi ya lori fulani, akiambiwa haipo anarudi nyumbani. Mimi nilisoma namba iliyogongwa ubavuni, kwa sababu beringi haijui imo ndani ya lori, trekta au kinu cha unga. Inajua namba yake tu. Nikamuuliza Mama Nyokabi mzungu wao aliacha mashine gani shambani.

"Ile kubwa ya kuvuna ngano," akasema. "Haijawahi kuwaka tangu aondoke."

Tukapanda treni pamoja mpaka Molo, tukapanda ule mlima kwa miguu. Mashine ilikuwa ndani ya banda, inang'aa. Kila Jumapili baada ya ibada wanakikundi walikuja kuipangusa vumbi, wakaizunguka, wakaenda zao. Hakuna aliyejua kuiendesha, wala hapakuwa na ngano. Nilipoifungua mbavu na kuonyesha beringi, namba ni ileile, mzee mmoja wa kikundi, Mzee Ndirangu, alisimama mbele yangu na fimbo.

"Hapana. Hiki ndicho kitu pekee mzungu alichotuachia kikiwa kizima. Hii ndiyo inayoonyesha kwamba hapa ni shamba, si kambi."

"Kizima?" Mama Nyokabi akamjibu. "Kimekuvunia nini, mzee wangu? Kila Jumapili tunakipangusa kama kaburi la tajiri. Mbegu zinaoza Nakuru. Chuma hiki kitapikwa?"

"Na huyu kijana akiitoa hiyo beringi, kisha isienee kwenye lori? Tutakuwa hatuna lori na hatuna mashine."

Mama Nyokabi akanigeukia. "Umesikia. Ikikataa?"

"Namba ni ileile, mama."

"Sijakuuliza namba. Nimekuuliza ikikataa."

Watu wa kikundi walikuwa wamekusanyika mlangoni, na nyuma yao mifereji mitupu ilishuka mpaka bondeni. Mbingu upande wa Mau zilikuwa nyeusi.

"Haitakataa," nikasema.

Mama Nyokabi akamshika Mzee Ndirangu mkono na kumsogeza pembeni kama mtu anayefungua lango. "Toa," akasema.

Nikatoa. Mzee Ndirangu akaketi kwenye ndoo akinipa mgongo.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana wengi wenu hamtaifanya kamwe. Ekseli niliirudisha ilivyozaliwa, uso juu. Viti vya springi nilivikata kutoka chini nikavichomelea upande wa juu, nikihakikisha pua ya pinioni inatazama giabox kwa pembe inayofaa. Nilichomelea vipande vifupi, kimoja huku, kimoja kule, nikisubiri chuma kipoe, kwa sababu moto ukikaa mahali pamoja bomba la ekseli hupinda na hutajua mpaka beringi ziungue. Barasa alisema nachomelea kama mwanamke anayepaka kucha rangi. Nikamwambia kucha hizo zitabeba tani saba.

Kisha pinioni. Beringi zake zikilegea, meno hukatika; zikibanwa mno, huungua. Mkazo wake hupimwa kwa kuvuta kamba iliyozungushiwa shingo ya pinioni, na mizani ya kuning'iniza inaonyesha uzito. Mizani ya namna hiyo Nakuru nzima ilikuwa kwa wauza samaki. Nikaazima moja sokoni, ikaja ikinuka Naivasha.

"Njooni muone!" Barasa akaita. "Sasa anauza ekseli kama tilapia. Diploma, kilo ngapi? Nikatie mkia!"

Nilimwacha aseme. Nilifungua, nikaongeza kisahani chembamba cha chuma, nikafunga, nikavuta. Nikafungua tena. Nilitumia geji yangu ya mshale kupima mchezo kati ya meno, ile saa isiyojua saa. Mwishowe nikapaka meno masizi yaliyochanganywa na grisi, kama Sardar alivyonifundisha, nikazungusha, nikaangalia alama iliyobaki. Ilikaa katikati ya jino, nyembamba, safi, kama wayo wa mtoto. Sardar alikuja na tochi, akainama, akatazama jino baada ya jino.

"Sasa," akasema, "karatasi naingia chini ya lori."

Lori lilipojaribiwa lilikwenda mbele kwa gia zote zilizoumbwa kwenda mbele. Mtunza stoo alikuwa amesimama mbali na choo, kwa tahadhari. Magunia yakapakiwa. Nikarukia juu ya shehena, kama sheria ilivyotaka. Sardar akamwonyesha Barasa kwa kidole.

"Nani nafunga napanda. Nani naleta pia napanda."

Basi tukakaa juu ya mbegu, mimi upande huu na Barasa upande ule, Mama Nyokabi mbele na Kimani. Tulipopita Salgaa na mlima wa Sachangwan kuanza, Barasa alilala kifudifudi kati ya magunia, akaweka sikio lake kwenye mbao, juu kabisa ya difu. Kimani akapunguza gia. Injini ikaanza kunguruma kwa uchungu.

"Nasikia kitu," Barasa akasema, uso wake umeng'aa kwa matumaini.

"Ni tumbo lako."

"Inalia, Diploma. Inalia kama mbuzi."

"Ni gia ya pili. Ekseli ikilia utaisikia kwa makalio, si kwa sikio."

Tuliupanda mlima wote akiwa amelala hivyo. Tulipofika juu alinyanyuka, akapangusa sikio. Upepo ulikuwa mkali, na mbele yetu mvua ilishaning'inia juu ya Molo kama shuka.

Ilitupata kwenye kona ya kuacha barabara kuu. Tulipofika chini ya mlima wa shamba, udongo ulikuwa umegeuka ugali. Watu wa kikundi walikuwa wamejipanga pande zote mbili, wanaume na wanawake, na mawe mikononi ya kuweka nyuma ya magurudumu. Hakuna aliyeimba. Kimani akatutaka tushuke wote, akatia gia ya kwanza.

Hapa ndipo ekseli hufa. Si barabarani. Gurudumu huteleza, injini hupaa, kisha gurudumu hushika mwamba ghafla, na uzito wote hugonga jino moja. Lori lilipanda hatua chache, likateleza, likashika kwa kishindo ambacho kilinifika kwenye meno yangu mwenyewe. Likateleza tena. Wakaweka mawe. Likashika. Mama Nyokabi alitembea ubavuni mwa gurudumu la nyuma, mkono juu ya bodi, kama anayemtembeza ng'ombe mwenye mimba. Mzee Ndirangu naye alikuwa na jiwe. Kila mara lori liliposimama aliliweka, na kila lilipoondoka alilibeba tena, fimbo ameitupa. Watu watasema niliogopa. Nilikuwa nasikiliza, na difu ilikuwa kimya, ukimya wa kweli, usio wa vumbi la mbao.

Lilifika juu. Hawakungoja hata kushusha. Magunia yalifunguliwa yakiwa bado juu ya lori, wanawake wakajaza vikapu, wakashuka navyo kwenye mifereji, mbegu zikaingia ardhini na mvua ikiwanyeshea mgongoni. Mama Nyokabi alivua lile koti la mwanamume akalitupa kwenye usukani, akaingia mfereji wa kwanza bila kuniambia asante. Sikuitaka. Mtu anayepanda hana mkono wa kushukuru.

Mimi nilibaki kando ya lori. Kuna kipimo cha mwisho ambacho nilikuwa bado sijakifanya: baada ya mlima, unaweka kiganja juu ya difu. Ikiwa joto linakuruhusu kukiacha hapo, kazi ni nzima. Ikikuunguza, anza upya. Nilikuwa nimeinama kuingia nilipoona miguu ya Barasa imeshatangulia. Alikuwa amelala chali ndani ya matope, mzee yule mkubwa kama kabati, na kiganja chake kimelala juu ya difu. Alikiacha pale. Akaleta na cha pili.

Alipotoka hakunitazama. Alijitwika gunia begani, akashuka nalo kwenye mifereji pamoja na wengine. Nikangoja atakaporudi aseme neno, hata moja, hata la mzaha wake wa zamani. Alirudi, akachukua gunia lingine. Kwa hiyo mpaka leo siwezi kuapa kama Barasa alikuwa akiipima kazi yangu au alikuwa akijipasha mikono moto tu. Molo kuna baridi.